Kichaka cha Phocas Hakikatwi

Kila siku saa tatu ya asubuhi, mkwe wangu Mukeshimana, mke wa mwanangu Viateur, alishuka kwenye gari pale Nyakiriba, beseni kichwani. Ndani ya beseni mlikuwa na sambaza, wale samaki wadogo wa Kivu, waliotoka ziwani alfajiri hiyo. Mimi nilikuwa nimekwisha washa mbabula, jiko letu la bati. Mafuta yalikuwa yanachemka. Tulikaanga mpaka jioni, kando ya barabara ya Gisenyi.

Ilikuwa mwaka wa tisini na tisa. Vita ilikuwa imetulia. Watu walikuwa wamerudi kwenye mashamba yao, na magari yalikuwa yamerudi barabarani. Gari likisimama, watu wanashuka. Watu wakishuka, wana njaa.

Sambaza haitaki moto wa haraka. Kwa hiyo mimi nilichagua makaa kama mtu anayechagua mke wa mtoto wake. Makaa ya inturusu, ile mikaratusi mirefu ya kupandwa, niliyakataa. Yanaruka cheche. Cheche ikiingia kwenye mafuta, mafuta yanakurukia usoni. Nilitaka makaa ya msitu, yaliyotoka kwenye miti ya zamani ya Gishwati. Hayo ni mazito. Yanawaka polepole, na hayana fujo.

Wanawake wengine wa barabarani walijifunza kwangu. Muuzaji akija, walimwambia:

"Usitudanganye. Leta yale ya Mama Viateur."

Mimi nilifurahi. Sikujua ninachofurahia.

Siku moja, Jumatatu, kamio ya Karenzi, lori lake la makaa, ilisimama mbele ya moto wetu. Karenzi ndiye mkubwa wa makaa. Ana tumbo, ana kofia, ana watu wa kukata na watu wa kupakia. Alikula sambaza bila kuketi.

"Mukecuru," akaniambia, yaani bibi kizee, "nyuma ya nyumba yako iko kichaka kizuri sana."

"Ni kichaka cha marehemu mume wangu, Phocas," nikasema.

"Marehemu hapiki. Mi nakikata Jumamosi. Nimepatana na Viateur."

Kijiko kiliniponyoka.

"Umepatana na nani?"

"Na mwenye nyumba. Mutoto wako mwanaume. Mbona unashangaa? Ni we ulifundisha wanawake wote hapa kutaka makaa ya msitu. Bon. Gishwati upande huu imekwisha. Sasa mi nafuata kile kilichobaki, na kile kilichobaki kiko kwako."

Alipangusa mikono, akapanda kamio, akaenda. Mukeshimana aliniangalia. Mi niliangalia makaa yangu, yale mazito, yasiyo na fujo.

Kichaka cha Phocas si kikubwa. Kiko kwenye bonde, nyuma ya nyumba. Kina miti mikubwa kumi na miwili, miti ya zamani, haikupandwa na mtu. Chini ya miti kuna chemchemi. Nyumba tisa zinachota maji pale. Phocas alipokuwa hai, alitundika mizinga ya nyuki juu ya ile miti. Baada ya kifo chake hakuna aliyeitunza. Mingine ilianguka. Mitano niliiweka juu ya dari, ikalala na panya.

Jioni Viateur alikuja juu ya velo mpya, baiskeli nyeusi yenye kengele. Aliipiga kengele mara tatu.

"Mama, tazama!"

"Ya nani?"

Akashuka. Hakunitazama usoni.

"Karenzi amenipa nijaribu. Akikata kichaka, inabaki yangu. Mama, na velo mi nabeba watu mpaka Gisenyi. Mukeshimana hatalipia gari tena. Miti itaota mingine. Tutapanda inturusu."

"Baba yako alikataa kukata hata tawi."

"Baba hakuwa na watoto watatu wenye njaa na nyumba inayovuja."

Alisema kweli kuhusu nyumba.

Kesho yake Illuminée alipita kununua sambaza, kama kila siku. Illuminée anafanya kazi kwenye kitalu cha miti. Alikulia Karagwe, upande wa Tanzania, akarudi miaka michache iliyopita. Kiswahili chake kimenyooka kama cha redio. Wanawake walimwita hivyo.

"Radio amekuja!" wakapiga kelele.

"Shikamoo, mama," akaniambia.

"Huku hatushiki miguu ya watu," nikamtania, lakini sauti yangu haikuwa na mchezo. Akaona.

"Una nini leo?"

Nikamwambia yote. Viateur alikuwa pale, anasugua velo kwa kitambaa. Alisikia.

Illuminée hakuanza kumgombeza. Aliinama, akachukua kifuniko cha sufuria, akakiweka juu ya kikaango changu.

"We!" nikapiga kelele. "Sambaza haifunikwi! Italegea!"

"Kwa nini inalegea?"

"Joto haina pa kutokea. Mvuke unarudi chini. Kila mutoto anajua."

"Basi ondoa," akasema, akicheka. "Sasa nikueleze. Dunia yetu ni kama hicho kikaango. Jua linaipa joto mchana, na joto jingine linatoka, linarudi juu. Hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa. Lakini tukichoma miti, tukichoma petroli, tukichoma makaa, inatoka hewa moja ambayo huioni. Inaitwa hewa ya ukaa. Inapanda juu na kukaa huko, kama kifuniko. Joto linashindwa kutoka."

"Donc sisi tunalegea kama sambaza?" Mukeshimana akauliza. Wanawake wakacheka.

"Tunalegea. Mvua inakuja wakati si wake. Mwaka juzi na mwaka jana mliona mafuriko."

"Sebeya, mto wetu, ilibeba mbuzi wangu," mwanamke mmoja akasema. "Ilikuwa nyekundu kama damu."

"Wekundu ule ni udongo," Illuminée akasema. "Sitakudanganya, mama. Mvua kubwa ilikuwako hata zamani. Siwezi kusema mvua ya siku moja imeletwa na kifuniko. Lakini dunia ikipata joto, mvua kubwa kama hizo zinazidi. Na zikikuta mlima umevuliwa miti, hakuna wa kushika udongo. Mti unafanya kazi mbili. Unashika udongo kwa mizizi. Tena unakula ile hewa ya ukaa, unaificha ndani ya mbao zake. Mti wa miaka mia umeficha hewa ya miaka mia. Ukiuchoma, unaifungulia yote kwa siku tatu za tanuri."

Viateur akatupa kitambaa.

"Tantine, nikuulize. Wazungu wana viwanda. Wana magari mengi kuliko nyuki. Sisi hapa tuna mbabula. Juu ya nini ni sisi tuache? Wao ndio walifunika kikaango!"

Lilikuwa swali zuri. Hata mimi nililipenda.

"Ni kweli," Illuminée akasema. "Wao wamechoma zaidi, na lazima waambiwe wapunguze. Mi sitawatetea. Lakini moshi hauonyeshi karatasi pale mpakani, Grande Barrière, Viateur. Hausimami kwa polisi. Wa kwao unakuja kwetu. Na jirani akichoma nyumba yake, wewe unamwaga petroli kwenye yako ili mfanane?"

Viateur akaokota kitambaa chake.

"Tena sikiliza," Illuminée akamwambia. "Nchi yetu ni ndogo, lakini Mungu ameijaza. Kuna kinyonga wa pembe tatu kwenye milima hii. Kuna kima wa rangi ya dhahabu kule kwenye volkano. Kuna sokwe waliobaki Gishwati, wachache sana. Kuna ndege na vyura wasiopatikana popote ila kwenye milima hii yetu na ya majirani zetu. Wengi wao wanapenda baridi. Dunia ikipata joto, wanafanya nini?"

"Wanapanda juu zaidi, kwenye baridi," nikasema.

"Wakifika kileleni?"

Nilitazama upande wa volkano. Siku hiyo Karisimbi ilikuwa inaonekana mpaka juu. Nilitafuta mahali pa kupanda baada ya pale juu. Hapakuwa na mahali.

"Mlima una mwisho," nikasema.

"Mlima una mwisho. Nchi ya jangwa ikipoteza, inapoteza kidogo. Sisi tunapoteza vingi. Mwenye kibuyu kilichojaa maziwa ndiye anayeangalia anapokanyaga."

"Kinyonga!" Viateur akasema. "Mi niache velo juu ya kinyonga?"

"Hapana. Juu ya maji. Na juu ya nyuki wanaofanya kahawa na maboga yazae. Twende kwa Niyomugabo."

Niyomugabo ni jirani yetu wa juu. Yeye pia alikuwa na chemchemi na miti ya zamani. Miaka sita iliyopita aliikata, akapanda inturusu palepale kwenye maji. Wengi hapa wamefanya hivyo. Inturusu inakua haraka, na mtu anafikiri mti ni mti. Tulimkuta ameketi mbele ya mlango.

"Muzee, maji yako iko wapi?" Viateur akamwuliza.

Niyomugabo akaonyesha kwa kidevu. Kati ya inturusu kulikuwa na shimo lenye majani makavu.

"Inturusu inakunywa kama wapagazi," akasema. "Haina adabu. Ukiipanda mbali na maji, ni muti muzuri. Ukiipanda juu ya maji, imekunywa chemchemi. Sasa mke wangu anachota kwenu. Mukikata kwenu, atachota wapi? Ziwani?"

Viateur alirudi nyumbani akisukuma velo. Hakuipanda. Lakini hakusema ataiacha.

"Nimempa Karenzi neno langu," akaniambia mlangoni. "Mwanaume harudishi neno."

"Na mi ninasema reka da," nikamjibu. Kwetu maana yake ni hata kidogo, hata kwa dawa. "Kichaka cha Phocas hakikatwi."

"Mama, kichaka ni changu."

"Ardhi ni yako. Mizinga ni ya nani?"

Kwetu, mti wenye mzinga haukatwi mpaka mwenye mzinga aushushe mwenyewe. Hata mwizi wa miti anajua. Nyuki ni kama wageni wa mtu.

"Mizinga haiko tena juu ya miti," Viateur akasema.

"Itakuwako," nikasema.

Niliishusha ile mitano kutoka darini, nikafukuza panya. Nikapaka mizinga samadi ya ng'ombe kwa nje, nikaipaka nta kidogo kwa ndani, kama Phocas alivyofanya. Ilibaki saba. Kusuka mizinga ni kazi ya wanaume, lakini mzinga ni nini? Ni kikapu kirefu. Mi nimesuka vikapu tangu nikiwa msichana. Mukeshimana akakaa karibu yangu. Jumatano wanawake wa barabarani wakaja, kila mmoja na fito zake.

"Kama ni mimi niliwafundisha kutaka makaa ya msitu," nikawaambia, "ni mimi nitawafundisha kuyakataa. Mniwie radhi. Nilikuwa mudomo wa ile tanuri."

"Sote tulikuwa meno yake," mmoja akajibu. "Suka, mama, mvua isitukute."

Mpaka Ijumaa jioni mizinga kumi na miwili ilikuwa tayari. Kazi ngumu ilibaki. Kwetu mwanamke hapandi juu ya nyumba, seuze juu ya mti. Ni mwiko. Mi nilimwomba Viateur apande. Alikataa. Nilimwomba Niyomugabo. Goti lake limekufa.

Basi Jumamosi, jua likitoka, nilifunga kitenge changu kiunoni kwa kamba. Mukeshimana alishika ngazi. Nikapanda.

Mti wa kwanza, nilihesabu kila kipandio. Mti wa tano, niliacha kuhesabu. Nilipokuwa juu ya mti wa kumi na mbili, nilisikia kamio. Karenzi alishuka na watu sita, na misumeno, na mashoka. Viateur alikuja nyuma yao na velo yake. Mukeshimana aliogopa, akaachilia ngazi, akarudi nyuma.

Mkataji mmoja kijana alinitazama, akapasuka kwa kicheko.

"Yewe! Mukecuru amekuwa nyani! Mutupieni ndizi!"

Wote wakacheka. Ngazi ikayumba. Nilishika tawi. Nikaona chini kuko mbali sana, nikaona pia kwamba niko mzee sana.

Halafu ngazi ikatulia. Iliacha kabisa kuyumba. Nikatazama chini kuona mikono iliyoishika. Haikuwa ya Mukeshimana.

"Funga, Mama," Viateur akasema. "Nimeshika."

Nikafunga mzinga. Kamba mbili, fundo la Phocas. Nikashuka polepole. Sina haraka, mi ni mtu wa kukaanga sambaza. Nilipofika chini, Viateur alikuwa amegeuka anamtazama yule kijana.

"Umemwita mama yangu nini?"

Kijana akaangalia viatu vyake.

"Viateur," Karenzi akasema, "tumepatana. Ondoa hii mizinga."

"Siwezi. Si yangu."

"Ni mitupu! Hakuna nyuki hata mmoja!"

"Nyumba tupu pia ni nyumba," nikasema. "Wenyeji wako njiani."

Karenzi akawageukia watu wake. "Kateni!"

Hakuna aliyesogea. Mkataji mzee, mwenye ndevu nyeupe, akaweka shoka yake begani.

"Patron, mi nimekata Gishwati miaka mingi. Lakini muti wenye muzinga wa mutu sijakata. Na mwenye muzinga amesimama hapa, ananiangalia. Mi siwezi."

"Munaogopa mwanamke wa sambaza?"

"Na we, Karenzi," nikasema, "chukua shoka mwenyewe. Niko hapa. Kesho niko hapa. Mi najua kungojea kuliko we."

Hakuichukua. Viateur alikwenda, akachukua velo, akaisukuma mpaka kwenye kamio. Akaipakia mwenyewe. Kabla ya kuiachilia, alipiga kengele mara moja. Niliumia kuisikia.

Usifikiri tulirudi nyumbani tukala ushindi. Tulikuwa bado tunapika. Nilimwuliza Illuminée:

"Kukataa nimekataa. Sambaza nikaange na nini? Na maneno?"

"Na makaa ya inturusu."

"Cheche!"

"Washa nje kwanza, kwenye upepo. Ngoja mpaka cheche zote ziruke na makaa yawe mekundu. Halafu peleka chini ya kikaango. Na uache hiyo mbabula. Joto jingi linapotea pembeni. Viateur, lete udongo wa kichuguu."

Alimfundisha kujenga jiko la udongo linaloitwa rondereza. Kuta zake ni nene, mdomo wake ni mdogo, na chungu kinakaa ndani, si juu. La kwanza lilipasuka. La pili lilikuwa limeinama kama mlevi. La tatu lilifanya kazi. Tulishangaa. Gunia la makaa lililokuwa linakwisha kwa wiki moja, sasa linafika wiki mbili. Maharagwe pia tulianza kuyaloweka usiku. Zamani nilisema kuloweka ni kwa watu walioishiwa kuni. Sasa yanaiva kabla sijaanza kukasirika.

Wanawake wa barabarani waliona. Wakamwita Viateur awajengee. Wakamwita mpaka Busasamana. Kule anakwenda kwa miguu, udongo mpaka kwenye nywele. Velo hana bado. Nyumba ameitengeneza paa upande mmoja. Upande wa pili bado unavuja, sitasema uongo. Kando ya chemchemi tulipanda miche ya miti ya zamani kutoka kwenye kitalu. Inturusu tuliipanda juu, mbali na maji, ya kuchoma.

Mwezi wa saba jua lilikuwa kali. Siku moja Mukeshimana alikuja mbio kutoka kwenye maji bila ndoo.

"Mama! Wamekuja! Wageni wako wamekuja!"

Wingu jeusi lilikuwa linazunguka mti wa tatu. Liliingia kwenye mzinga mmoja, lote, kama watu wanaoingia misa. Nikakaa chini nikalia kidogo. Phocas angecheka.

Mwezi wa nane, saa saba ya mchana, kamio ilisimama barabarani mbele ya moto wetu. Ilikuwa imejaa mifuko ya viazi, na mvuke ulikuwa unatoka mbele kama chungu kilichofunikwa. Karenzi alishuka na bidoni, dumu tupu la maji, mkononi. Jasho lilikuwa limelowesha kofia.

"Mukecuru. Motere imechemka. Nipe maji."

"Kwa Niyomugabo je?"

"Imekauka."

"Na kule kwenye kona, ulikokata mwaka jana?"

Akatikisa bidoni tupu. Wanawake wote walikuwa wameacha kukaanga.

Ningeweza kumwambia aende ziwani. Neno lilikuwa tayari kwenye ulimi. Lakini maji ya Phocas hayajawahi kunyimwa mtu.

"Iko," nikasema. "Tena baridi. Ingia ukachote. Lakini shoka inabaki kwenye kamio."

"Sina shoka leo."

"Viateur, angalia."

Viateur akachungulia ndani ya kamio. Akatoa shoka chini ya kiti, akaiweka karibu na mguu wangu.

Karenzi akashuka njia ya bonde na bidoni lake. Pale kivuli kinapoanza, alisimama. Akainua macho. Kwenye miti kumi na miwili, mizinga saba ilikuwa inanguruma.

Akavua kofia. Akainama, akaingia polepole, kama mtu anayepita kwenye nyumba ya wenyewe.